Kupanda Kreta ya Maundi na kurudi siku hiyo hiyo

Wengi wanaoingia Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kwa safari ya siku moja huishia Mandara. Wanakula, wanapiga picha na kibao kilichoandikwa mita 2,720, halafu wanageuza. Mandara ni kambi nzuri lakini imezungukwa na msitu, na miti inaukinga mlima wenyewe usionekane. Mandhari iko mbele kidogo, mwendo wa dakika 15 hadi 20, kwenye Kreta ya Maundi: kilima cha volkano ndogo ya pembeni, karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, chenye ukingo wa mviringo na bakuli la nyasi katikati. Ukiwa pale juu msitu umekwisha, na siku ikiwa safi unauona Mawenzi, unaiona Kibo, vilele viwili vya Kilimanjaro, na upande wa pili unaziona tambarare hadi ndani ya Kenya.

Njia ya kufika haihitaji kamba wala ujuzi wa kupanda miamba. Mtu mwenye afya ya kawaida anaimudu. Kinachowakosesha watu Maundi ni saa: wanachelewa kuondoka kwenye lango la Marangu, wanafika juu mchana, wanakuta wingu limekaa. Kwa hiyo panga kila kitu kwa kurudi nyuma kutoka wakati mmoja tu, saa 5 asubuhi, ambao unatakiwa uwe umeshasimama kwenye ukingo wa kreta.

Kwa nini saa 5

Usiku hewa baridi hushuka kutoka juu ya mlima kuelekea tambarare, na ndiyo maana alfajiri mlima huwa wazi. Jua likishapanda, miteremko inapata joto na upepo unageuka. Hewa yenye unyevu wa msitu, ya vihamba vya migomba na ya mabonde ya chini huanza kupanda. Ikifika kwenye mwinuko wa mita 2,000 hadi 3,000 imeshapoa kiasi cha unyevu wake kugeuka wingu. Maundi iko ndani ya ukanda huo huo. Kati ya saa 5 na saa 7 mchana, siku nyingi, wingu hupanda kutoka msituni, huvuka ukingo wa kreta na kuziba kila kitu kwa dakika chache. Mvua nayo hupenda kunyesha alasiri kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo moja linawapotosha wageni. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, Moshi na Marangu huamka chini ya wingu zito la kijivu na mtu anaahirisha safari akidhani juu ni vilevile. Mara nyingi wingu hilo ni tandiko jembamba la chini. Unaweza kuingia msituni kwenye ukungu, ukatoka juu yake kabla au baada ya Mandara, ukafika Maundi penye jua huku mawingu yametanda chini yako. Usiahirishe kwa kuangalia anga ya Moshi. Muulize kiongozi wako: asubuhi huwa ana mawasiliano na wenzake walio kambini, naye atajua hali ya Mandara kabla hujaondoka.

Msimu

Januari na Februari ndiyo miezi tunayoipendekeza kwanza: joto la wastani, asubuhi safi, njia kavu. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba ni kipindi kizuri pia, ila kuna baridi zaidi na Julai na Agosti wageni huwa wengi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia haifungwi lakini msitu unageuka tope na nafasi ya kuona mlima inapungua sana. Vuli ya Novemba na Desemba ni bahati nasibu. Kuna asubuhi za ajabu katikati ya wiki ya mvua.

Kibali, malipo na kiongozi

Kilimanjaro hairuhusiwi kupanda mwenyewe, hata kwa siku moja. Lazima uwe na kiongozi mwenye leseni, na kwa kawaida unampata kupitia kampuni ya utalii iliyosajiliwa, ambayo pia inashughulikia kibali. Kampuni za Moshi na Marangu ni nyingi. Ukiongea nazo, yaulizie mambo manne, na majibu uyapate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

La kwanza ni Maundi yenyewe. Safari nyingi zinauzwa kwa jina la "Mandara kwa siku moja", na kiongozi aliyelipwa kwa Mandara hana sababu ya kukupeleka mbele. Sema wazi kwamba unataka kufika kwenye kreta na kuizunguka.

La pili ni saa ya kuanza kutembea. Wakikuambia "tunakuchukua Moshi saa 2", maana yake utaanza kutembea saa 4 au saa 5, na kreta utaikuta ndani ya wingu. Unataka kuanza kutembea saa 1 na nusu asubuhi.

La tatu ni bei imejumuisha nini. Ada za hifadhi hupangwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa makundi matatu: raia wa Afrika Mashariki, wageni wenye ukaazi, na wageni wasio wakaazi. Tofauti kati ya kundi la kwanza na la tatu ni kubwa sana. Viwango hupangwa kwa mwaka unaoanza Julai, na orodha inayochapishwa huwa haijaongezwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), kwa hiyo namba unayoiona siyo utakayolipa. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Uliza kama bei ya kampuni inabeba kiingilio, kodi, malipo ya kiongozi, usafiri na chakula, au kama kuna kimojawapo kitakachokungoja getini.

La nne ni malipo yenyewe. Getini hawapokei fedha taslimu. Kampuni inatoa namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12, na inalipwa benki, kwa simu au kwa kadi. Mtandao ukisumbua asubuhi, saa nzima inaweza kupotea mbele ya dirisha. Hakikisha malipo yamekamilika jana yake, na uombe risiti.

Siku ya safari beba kitambulisho halisi. Mtanzania abebe cha taifa (NIDA). Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi au Mkongomani abebe pasipoti au hati ya kusafiria, kwa kuwa bila ushahidi wa uraia utatozwa kama mgeni. Picha ya kitambulisho kwenye simu isiwe ndiyo tegemeo lako.

Kulala Marangu

Ushauri wetu mfupi: usilale Moshi. Barabara ya Moshi hadi lango la Marangu si ndefu, ila kulala Marangu ndiko kunakokupa asubuhi. Kuna nyumba za wageni za bei zote kuanzia Marangu Mtoni kupanda hadi karibu na lango.

Kwa usafiri wa umma, kutoka stendi kuu ya Moshi panda basi dogo la Marangu. Linafuata barabara ya Holili hadi Himo, linakunja kushoto na kupanda hadi Marangu Mtoni. Magari haya yanaondoka yakijaa, hivyo usiamini saa utakayoambiwa na wapiga debe. Kutoka Mtoni hadi getini zimebaki kama kilomita 5 za kupanda, na bodaboda zipo muda wote. Anayetoka Kenya kupitia Taveta anavuka Holili, anafika Himo, na hapo anachukua gari la kupanda Marangu. Hana haja ya kwenda kwanza Moshi mjini.

Vya kubeba

Kiatu ndicho kinachoamua siku yako. Njia ya msituni ina mizizi, ngazi za magogo na udongo mwekundu unaoteleza ukilowa. Raba yenye soli bapa itakupeleka juu salama, halafu ikuangushe wakati wa kushuka. Vaa kiatu chenye meno kwenye soli na kinachoshika kifundo cha mguu, na kiwe umeshakivaa kabla. Kiatu kipya kilichofunguliwa kwenye boksi asubuhi ya safari kinachubua kisigino kabla ya nusu ya njia. Kata kucha za miguu siku moja kabla: wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu kwa saa mbili na zaidi, na kucha ndefu inageuka nyeusi.

Nguo ziwe za tabaka. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukingo wa Maundi una baridi zaidi ya Moshi kwa nyuzi 11 au 12, bado hujahesabu upepo. Ndani vaa fulana ya kitambaa kinachokauka haraka. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo. Beba fulana ya pili kavu, sweta au jaketi la joto, na koti la mvua hata kama anga ni bluu. Kofia ya jua na krimu ya kuzuia jua si vya wazungu peke yao. Kwenye ukingo wa kreta hakuna kivuli, na mwinuko ule jua linaunguza ngozi yoyote.

Maji: lita 2 kwa mtu mmoja, lita 3 kama unatoka jasho sana. Yawe kwenye chupa ya kudumu, ya chuma au ya plastiki ngumu, kwa sababu chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, kwa hiyo panga vitu vyako kwenye mifuko ya kitambaa au makopo. Mandara kuna maji ya bomba yanayotoka mlimani. Ukitaka kujaza chupa, weka dawa ya kutibu maji na usubiri nusu saa.

Chakula cha mchana cha kampuni huja kwenye boksi na mara nyingi ni kikavu: kipande cha kuku, keki, juisi. Ongeza chako. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na karanga vinabebeka na vinatia nguvu. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai utaifurahia sana ukiwa kwenye upepo wa Maundi.

Vingine: tochi, hata kama hutegemei kuihitaji, fimbo moja au mbili za kutembelea, zenye kazi kubwa zaidi wakati wa kushuka, plasta za malengelenge, na karatasi ya chooni. Droni iache nyumbani, kwani hairuhusiwi kurushwa bila kibali maalumu.

Getini

Fika saa 1 kamili asubuhi. Lango la Marangu, lililo kama mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, ndipo yalipo pia makao makuu ya hifadhi. Kati ya saa 3 na saa 5 makundi yanayokwenda kileleni huwasili na wapagazi wao, mizigo inapimwa kwenye mizani na foleni inakua. Ukiwa umewatangulia, kazi yako inakwisha haraka: kiongozi anapeleka kibali, wewe unajiandikisha kwenye daftari kwa jina, umri, uraia na namba ya kitambulisho, kisha unasaini. Daftari hilo lina maana yake. Ndilo linalowaonyesha askari nani bado yuko mlimani jioni.

Kabla ya kuondoka nenda chooni, funga kamba za viatu vizuri, na hamisha koti la mvua liwe juu kabisa kwenye begi.

Kutoka getini hadi Mandara

Ni kilomita 8 na mwinuko wa karibu mita 850. Mwendo wa kawaida ni saa 3, wa taratibu ni saa 4. Njia ya wageni imetenganishwa kwa sehemu kubwa na ile ya wapagazi na magari ya huduma, hivyo unatembea msituni kwa utulivu.

Kosa la karibu kila mtu liko kwenye dakika 30 za mwanzo. Mwili bado mpya, hewa ni baridi, njia haijainama sana, na watu wanakwenda kwa kasi ya barabarani. Saa moja baadaye wamelowa jasho na mapigo ya moyo hayashuki. Kipimo kizuri ni maneno: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza mwendo. Kiongozi mzuri atakuwekea mwendo huo mwenyewe. Ukiona anakukimbiza, mwambie. Ni haki yako. Kunywa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 20, usingoje kiu.

Karibu nusu ya njia kuna Kisambioni, mahali pa kupumzikia penye meza na vyoo. Dakika 10 zinatosha. Anayekaa nusu saa hapa anaulipia muda huo pale Maundi.

Njiani kuna mengi ya kuona bila kusimama muda mrefu. Msitu wa chini una miti mikubwa ya mkulo; kadiri unavyopanda miti inakuwa mifupi, imevikwa kuvumwani, yaani zile nyuzinyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini, na ukiziona nyingi ujue umeshaingia ukanda wa wingu. Penye vijito, angalia chini pembeni mwa maji: kuna ua dogo jekundu lenye njano, limejikunja nyuma kama mkonga wa tembo. Ni Impatiens kilimanjari, na haliko mahali pengine popote duniani ila mlima huu. Usilichume. Juu ya miti tafuta mbega weusi kwa weupe wenye mikia mirefu. Hula majani na hawana shida na mtu. Ndege wa kijani akiruka na mabawa yakawaka mekundu, huyo ni turako.

Mambo matatu ya kuangalia miguuni. Siafu huvuka njia kwa mstari mweusi, hasa baada ya mvua: ruka mstari mzima bila kusimama, na kama wamekupanda, toka kwanza mita kadhaa ndipo uanze kuwatoa kwenye suruali. Mizizi iliyolowa inateleza kuliko tope. Kanyaga kati ya mizizi, siyo juu yake. Na penye tope pita katikati, hata kama kiatu kinachafuka. Kila anayekwepa pembeni anaipanua njia na kuua mimea, na msimu unaofuata tope linakuwa pana maradufu.

Ukikutana na wapagazi kwenye kipande cha pamoja, simama kando uwapishe. Mwenye kilo 20 kichwani na anayeteremka hawezi kufunga breki kama wewe. Salamu inatosha.

Mandara

Nyumba za mbao zenye mapaa yaliyochongoka ndizo Mandara. Jina ni la Mangi (mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kama Mandara. Wakati wa Wajerumani kibanda cha eneo hili kiliitwa kwa jina la Bismarck.

Jiandikishe kama kiongozi atakavyokuelekeza, nenda chooni (Maundi hakuna), badilisha fulana iliyolowa jasho. Hili la mwisho watu hulipuuza. Ukingo wa kreta una upepo, na aliyesimama kwenye upepo na fulana iliyolowa ataanza kutetemeka baada ya dakika 10 na kutaka kurudi kabla hajaona chochote. Acha mlo mkubwa kwa baadaye. Kula ndizi na karanga, kunywa maji, endelea. Dakika 15 kambini, si zaidi.

Chakula ukikifungua, usikiache peke yake hata kwa muda wa kupiga picha. Kima wa hapa wamezoea watu na wanajua boksi la chakula lilivyo. Usiwarushie kitu pia. Kima aliyelishwa leo atamnyang'anya mtoto wa mtu kesho.

Ukingoni mwa Maundi

Kutoka Mandara njia inapita kwenye kipande cha mwisho cha msitu, inavuka kijito, halafu miti inageuka kuwa vichaka virefu vya jamii ya Erika vyenye majani madogo kama sindano. Njia ya kreta inachepuka kulia kutoka ile kuu ya kwenda Horombo, kambi inayofuata. Kipande cha mwisho ni kikali lakini kifupi. Hapo ndipo mtu asiyezoea anaona pumzi inakatika, kwa sababu hewa ya mwinuko huu ina mgandamizo pungufu ya ule wa pwani kwa zaidi ya robo. Hatua fupi, pumzi ndefu.

Ukifika juu, simama kwanza uelekee kaskazini-magharibi. Mlima wenye meno meno, mweusi, ulio karibu ni Mawenzi, mita 5,149. Kushoto kwake, nyuma zaidi, kuna kuba la Kibo lenye barafu, mita 5,895. Wengi hapa wanabishana, kwa kuwa Mawenzi unaonekana mrefu kuliko Kibo. Sababu ni umbali: Mawenzi iko kilomita 11 hivi kutoka Maundi, na kilele cha Kibo kiko zaidi ya kilomita 20. Kati ya vilele hivyo viwili kuna uwanda wa tandiko, mkavu kama jangwa, ingawa kutoka hapa hauonekani wote.

Sasa geuka nyuma. Mashariki ni tambarare za Taveta na Tsavo, na milima ya Taita mbali kabisa hewa ikiwa safi. Kusini-mashariki liko Ziwa Chala, ambalo limejificha ndani ya kreta yake kiasi kwamba usitegemee kuona maji, na mbali zaidi Ziwa Jipe chini ya milima ya Upare Kaskazini. Jipe huonekana kama ukanda wa fedha jua likilipiga. Kusini, siku kavu, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu.

Zunguka ukingo wote. Nusu saa inatosha kwa mwendo wa taratibu, na kila robo ya mzunguko ina sura yake. Kaa kwenye njia iliyokanyagwa. Usiteremke kwenye bakuli la kreta. Nyasi zake zina udongo laini wa volkano unaochimbika kirahisi.

Kwa picha, asubuhi jua liko mashariki, yaani mgongoni mwako ukielekea mlimani, na mlima unapata mwanga mzuri. Piga Mawenzi na Kibo kwanza, mara tu unapofika, kabla hata ya kuvua begi. Ukikuta wingu likipanda una dakika tu. Kwenye simu, gusa sehemu ya barafu au wingu kwenye kioo halafu shusha mwanga kidogo, la sivyo weupe wote unatoka bila umbo. Tambarare za mashariki zisubirie hadi jua lipande, kwa sababu asubuhi zina ukungu wa mwanga.

Na kama umefika wingu limeziba? Subiri dakika 30 ukiwa umevaa jaketi. Wingu la Maundi hupita kwa vipande, na mara nyingi linafunguka kwa dakika mbili tatu. Zaidi ya hapo usisubiri.

Usiwashe moto wala kutupa kichungi cha sigara. Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, juu ya Mandara kwenye njia hii hii, ukaunguza makumi ya kilomita za mraba za vichaka vya aina unayoiona hapa. Vichaka vya Erika vina mafuta na vinashika hata vikiwa vibichi.

Kushuka

Ondoka Maundi saa 6 mchana, kula Mandara, anza kushuka saa 7. Utakuwa getini kati ya saa 9 na saa 10. Hiyo ndiyo ratiba nzuri. Ya lazima ni hii: mtu asiyefika Mandara ifikapo saa 8 mchana asiende Maundi, na yeyote aondoke Mandara kabla ya saa 9. Lango linafungwa saa 12 jioni, na msituni giza linaingia mapema kuliko barabarani.

Kabla ya kushuka kaza kamba za viatu upya, hasa penye kifundo, ili mguu usiteleze mbele. Refusha fimbo kidogo. Kunja magoti, hatua ziwe fupi. Anayeteremka kwa kukimbia, akiruka ngazi, kesho yake hatashuka hata ngazi za nyumba aliyolala. Maanguko mengi hutokea theluthi ya mwisho ya kushuka, mtu akiwa amechoka, anaongea, anaangalia simu.

Maumivu ya kichwa kidogo juu ya Mandara yanaweza kuwapata hata wazima, zaidi aliyetoka pwani jana yake. Kunywa maji, pumzika. Yakiambatana na kutapika au kuyumba, hakuna kusubiri wala kumeza dawa ukaendelea: teremka mara moja, ukiwa na mtu. Kwa mwinuko huu kushuka mita mia chache huleta nafuu ya haraka. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, siyo kwenye begi la mpagazi. Mwenye shida ya moyo, presha isiyodhibitiwa au mjamzito azungumze na daktari kabla ya kulipa chochote.

Watoto wanaomudu kutembea saa sita wanaifurahia njia hii, ila wapangie saa 4 za kupanda na waongoze wao mwendo. Kundi lenye watu wa kasi tofauti liwe na viongozi wawili. Bila hivyo mtu mmoja akishindwa Kisambioni, wote mnarudi, kwa kuwa haruhusiwi kuachwa wala kushuka peke yake.

Getini saini daftari la kutoka mwenyewe, kila mtu kwa jina lake. Mmoja akiwasainia wote wakati mwenzenu bado yuko nyuma, askari watadhani amekwisha toka na hakuna atakayemtafuta. Bakshishi ya kiongozi mpe mkononi, mbele yake, usiipitishe kwa dereva. Kama unarudi Moshi kwa gari la umma, uwe Marangu Mtoni kabla ya saa 12 jioni. Baada ya hapo magari yanapungua na utaishia kukodi bodaboda hadi Himo.